Damu Nzuri Mno

Jumanne ya mwisho ya Agosti seli nyeupe za Embla Risberg zilikuwa 6.1, na siku hiyo nzima sikuweza kukaa kitini.

Mtu mzima wa afya akipata namba hiyo huenda zake nyumbani. Embla alikuwa na miaka kumi na tatu na alikuwa katika mwaka wa pili wa matibabu ya saratani ya damu. Seli za ugonjwa hazikuonekana tena kwenye uboho wake, lakini kutoonekana si kwisha, ndiyo maana alitakiwa kumeza vidonge kila jioni hadi theluji ya mwaka unaofuata iyeyuke. Vidonge hivyo hushusha damu. Tunataka seli nyeupe zibaki kati ya 1.5 na 3. Zikizidi hapo, ama dozi ni ndogo, ama mwili unaimaliza haraka, ama vidonge havifiki tumboni.

"Umefungua hiyo skrini mara ngapi leo?" aliuliza Britt-Inger, muuguzi wetu, ambaye kila Jumanne huwapigia wazazi simu kuwapa dozi ya wiki. "Namba haibadiliki kwa kukodolewa macho."

"Najua."

"Basi kaa. Unanitia kizunguzungu."

Tulimpigia Jörgen, baba yake Embla, dereva wa lori la magogo anayemlea mtoto peke yake, kilomita mia tatu kutoka hospitali yetu ya Umeå, kaskazini mwa Sweden.

"Sita nukta moja!" alisema kabla hatujasalimiana. Alikuwa ameshaona majibu kwenye simu yake. "Mashavu yamekuwa kama tufaha. Hata dukani wanasema."

"Jörgen, anameza kila siku?"

"Daktari, nina karatasi ukutani. Kila jioni natia alama kwa mkono wangu. Hakuna siku iliyoruka."

"Unamwona akimeza?"

"Namwekea mkononi, na glasi ya maji juu. Nifanye nini tena, nimkabe?"

Nilikuwa nimeshatuma damu ya Embla kwenye maabara inayopima kiasi cha dawa kilichobaki ndani ya seli nyekundu. Majibu huchukua wiki kadhaa. Sikuyasubiri. Niliongeza dozi kwa robo, mara ya pili tangu Juni, na kwenye faili nikaandika: baba anathibitisha.

Jumatatu iliyofuata msimu wa kuwinda kulungu ulifunguliwa na kijiji kizima kikaingia msituni, Jörgen akiwemo. Baada ya mawindo alikuwa na safari ndefu za magogo. Kwa wiki tatu nyumba ilishikwa na mama yake, Rut, aliyestaafu kazi ya kukagua nyama machinjioni.

Wiki ya kwanza seli zilishuka hadi 4.2. Wiki ya pili, 2.4. Dozi imefanya kazi, nikajiambia. Nilitulia, nikala chakula cha mchana nikiwa nimekaa. Nilipaswa kujiuliza kwa nini dawa iliyoshindwa tangu kiangazi kianze imeweza ghafla ndani ya siku kumi na nne. Sikujiuliza.

Jumapili ya tatu Embla aliletwa kwa helikopta akiwa na homa ya 39.6. Seli nyeupe zilikuwa 0.4. Seli zile zinazopigana na bakteria hazikuweza hata kuhesabiwa. Alipewa antibiotiki ndani ya nusu saa, kisha kazi yangu ikawa kusubiri, na mimi kusubiri sikujui. Nilipima homa ambayo Britt-Inger alikuwa ameipima dakika kumi kabla. Nilinawa mikono bila kugusa kitu.

Jörgen alifika na mama yake. Rut alitoa kisanduku cha dawa kwenye mkoba akakigeuza juu chini.

"Hesabu. Sijabakisha hata nusu."

"Ulimwona akimeza?"

"Nilimfungulisha kinywa anyanyue ulimi, kila siku. Ng'ombe walishindwa kunificha kitu mle, sembuse huyu."

Jörgen alicheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

Majibu ya maabara yaliingia siku hiyohiyo. Katika damu ya Agosti dawa ilikuwa chini ya theluthi moja ya ilivyotakiwa. Kwa hiyo nilikuwa nimeongeza dozi mara mbili kwa mtoto ambaye hakuwa akiimeza, hadi alipopatikana mtu wa kummezesha yote. Lakini kilichonikosesha utulivu zaidi ni jambo jingine: muda gani? Wiki mbili bila vidonge ni kosa. Miezi mitano inaweza kuurudisha ugonjwa.

Homa iliposhuka, siku ya tatu, nilimwomba Jörgen aende kunywa kahawa.

"Sikuja kukugombeza," nilimwambia Embla. "Nataka tarehe."

"Una roho ngumu wewe."

"Tarehe, Embla."

Alivuta shuka hadi kidevuni. "Pasaka. Lakini si kila siku. Jumapili nilimeza, bibi anakujaga Jumapili."

"Viko wapi?"

"Kwenye buti la zamani la skii, la kuteleza kwenye theluji. La kushoto."

"Vinakutapisha?"

"Kidogo. Si hivyo." Alitazama mlango. "Niliruka siku chache tu, namba ikapanda, baba akanunua keki. Hakuwa ananunua keki. Hakuwa anacheka hata. Sasa ningefanyaje, niishushe?"

Nilirudi kwenye faili. Jörgen alielezwa maana ya namba hizo mara moja, siku aliyoelezwa mambo mengine arobaini.

Rut alilileta buti. Mimi na Britt-Inger tulihesabu vidonge kwenye trei mbele ya Jörgen: mia moja na kumi na nane, vingine nusunusu.

"Nilitia alama," alisema. "Kila siku nilitia alama."

"Ulitia alama ya kumpa. Mimi nikaisoma kama alama ya kumeza."

Jioni hiyo niliandika ripoti ya kosa kwa jina langu, na dozi nikairudisha ilivyokuwa kabla ya Juni.

Seli zilipopanda tulichukua uboho. Ilikuwa Alhamisi, majibu yangetoka Jumatatu. Ijumaa nilipiga simu maabara mara mbili. Mara ya pili walinitambua kwa sauti, wakaniomba kwa upole nisipige ya tatu.

Jumatatu nilimsomea Jörgen neno kwa neno: haikuonekana seli ya ugonjwa hata moja katika kila elfu kumi.

"Kwa hiyo hajarudiwa?"

"Haijaonekana. Tutapima tena baada ya miezi mitatu."

"Hujui kusema ndiyo wewe?"

"Nikiijua nitaisema."

Jumanne moja ya Oktoba nilimwomba Britt-Inger anipe simu. "Mbili nukta mbili," nilimwambia Jörgen. "Na Rut amemwona akimeza?"

"Kamwona. Mimi pia nimemwona." Nikamsikia akivuta pumzi. "Imeshuka."

"Imeshuka."

"Kwa hiyo... ninunue keki?"

"Nunua," nilimwambia, nikafungua skrini tena kuhakikisha nimesoma jina sahihi.