Mtani Aliyevaa Kitenge cha Marehemu

Siku ya kumzika Hedwiga, Clemence alifanya kazi ya mtani sawasawa. Mwanamume mzima, alivaa kitenge cha marehemu, akachechemea kama yeye, akamgombeza mfiwa kwa sauti ileile ya puani: "Baba Agape, mwenzio nazikwa, wewe umekuja na viatu vya matope!" Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka. Zebedayo, mfiwa mwenyewe, mume wa marehemu, alicheka kupita wote.

Kisha watu wakashuka zao mlimani, na kijiji cha Chome kikabaki na ukungu wake. Nyumba ilikuwa kimya mpaka inaudhi. Zebedayo akapika makande, akamwita Clemence, na waliposhiba akamwomba kwa aibu, "Mtani, hebu nigombeze kidogo. Kama yule."

Ungedhani Clemence angekataa. Thubutu! Naye aliishi peke yake, na makande yalikuwa matamu. Akaja kesho yake, na keshokutwa, kitenge kiunoni. Mwanzoni ilikuwa kicheko tu. Baadaye "Hedwiga" akaanza amri: kiti kihamie dirishani, kwaya iachwe, jirani Mama Asteria asilete tena ndizi zake. Zebedayo akatii. Mwanamume aliyegombezwa maisha yake yote, ukimya humtesa kuliko matusi. Majirani nao wakaacha kupita. Nani apige hodi kwa mgane anayefokewa na mwanamume mwenye kitenge?

Ndipo Agape, binti yake, akapiga simu kutoka Same mjini. "Shikamoo baba. Chumba chako kiko tayari. Jumamosi nakuja kukuchukua."

Zebedayo alifurahi sana. Akafunga begi. Halafu, maskini wa Mungu, akaenda kuomba ruhusa kwa "Hedwiga".

Clemence alishusha kijiko. Alipofungua mdomo, ile sauti ya puani haikuwepo. Aliongea kwa sauti yake mwenyewe, nzito na ya kukwaruza.

"Uende, uniache na nani?"

Zebedayo alimtazama. Alimjua mkewe. Hedwiga angekuwa keshambebea begi mpaka barabarani, akimtukana njia nzima. Lakini huko mjini nani angemfokea? Angeamkiwa kwa adabu, apewe chai, aachwe mbele ya televisheni. Akachukua simu.

"Agape mwanangu, usije," alisema. "Mama yako amekataa."

Clemence akajipakulia makande mengine.