Upande wa Bahari

Barabara ya pwani naijua kona kwa kona, na sijawahi kukanyaga hata kipande chake. Kazi yangu ni kukodisha magari. Miaka tisa nimekaa nyuma ya kaunta nikiwachorea wateja njia: hapa mnywe chai, hapa msimame mpige picha, hapa mpunguze mwendo, kuna mteremko. Wakirudi wananisimulia.

Nyumbani, ndani ya mlango wa kabati la nguo, nimebandika safari yangu mwenyewe. Siku nne. Kupanda kaskazini kwa njia ya bara, halafu kushuka kusini taratibu kwa njia ya pwani. Kushuka, si kupanda. Dereva hukaa kulia na gari hupita kushoto, kwa hiyo ukishuka, bahari yote iko dirishani kwa abiria. Abiria ni mimi. Dereva hajatokea mpaka leo.

Wa mdogo wangu akatokea.

"Dada, fungate letu tunataka kupita pwani," aliniambia Jumapili, amejinyoosha kitandani kwangu anatafuna karanga zangu. "Tupangie wewe. Nani anaijua ile njia kama wewe?"

Roho iliniuma, nisidanganye. Mtoto niliyembeba mgongoni, nikamfundisha kusuka, kupika, mpaka kuendesha gari, leo ana mume, ana likizo, na bado anaitaka na bahari yangu! Nilimwona kabisa: miwani ya jua, miguu juu ya dashibodi, dirisha wazi, mume anaendesha huku anamchekea. Nikajikaza kisabuni.

"Nitawapangia," nikasema.

Nikawapangia kweli, kwenye karatasi niliyompelekea Jumanne. Kila pa kunywea chai, kila pa kupigia picha, vilevile kama kwenye kabati. Kitu kimoja tu nilikigeuza: waanze na pwani, warudi kwa bara. Yaani wapande. Bahari iwe kulia kwa mume, na bibi harusi atazame miamba na mbuzi mpaka achoke. Nani angenilaumu? Barabara ni ileile.

Alhamisi asubuhi wakaja kuchukua gari. Nilikuwa nimeshaliandaa mwenyewe, na kiti cha dereva nimekisukuma nyuma mpaka mwisho, maana shemeji ana miguu mirefu hiyo! Kwangu mteja hukuta kiti kimeshapangwa kwa urefu wake. Meneja hunisifia kwa hilo mbele ya watu, na mdogo wangu humtania kila anayekodi gari kwetu kwamba dada yake ni fundi cherehani wa viti.

Tulilizunguka gari na fomu: mkwaruzo kwenye bampa ya nyuma, tairi la akiba lipo. Tuliporudi kaunta nikanyoosha mkono. "Leseni, shemeji."

Akacheka. "Leseni ya nini, shem? Mimi hata baiskeli inanishinda. Dereva wangu huyo hapo."

Mdogo wangu akaweka leseni yake mezani.

Kalamu ikanigoma. Kulia atakaa yeye. Nimempa bahari kwa mkono wangu mwenyewe, na mbuzi nimempa shemeji wa watu, ambaye hajanikosea kitu.

Nikaivuta ile karatasi ya njia. "Hebu nirekebishe hapa. Nilikosea. Afadhali muanze na bara."

Akaikandamiza kwa kiganja. "Usiiguse, Dada. Nimeiona ile ya kabatini."

"Ipi?"

"Jumapili si nilifungua kutafuta sweta? Yako inashuka, yangu umeigeuza. Nilijiuliza kwa nini, mpaka nikahesabu kulia na kushoto kwa vidole." Macho yalikuwa yamemlowa. "Kila mtu ananiuliza mume wangu ananipeleka wapi. Wewe peke yako umekumbuka kwamba nitakayeendesha ni mimi."

"Tangu juzi anaimba hilo tu," shemeji akasema. "Mimi nimeshakubali kuangalia mbuzi."

"Ulikumbuka, sivyo?" mdogo wangu akauliza.

"Sasa ningesahauje?" nikajibu. "Si mimi niliyekufundisha?"

Akanikumbatia juu ya kaunta, fomu zikaanguka, na mimi nikamkumbatia kwa nguvu kuliko yeye. Niliona aibu, lakini pia nilijiona nimepona. Nikawasindikiza uani nimebeba begi lao, moyo mwepesi, nikitania kwamba wakirudi na mchanga kwenye mazulia nitawafagilisha.

Mdogo wangu akafungua mlango wa kulia, akaingia, akanyoosha mguu kutafuta breki.

Mguu haukufika. Haukukaribia hata kidogo.

Akakitazama kile kiti. Akaitazama miguu ya mumewe, aliyekuwa anajikunja upande wa pili. Kisha akanitazama mimi, nimesimama na begi mkononi, na nilimwona uso ukimbadilika polepole.

Nikainama haraka nikivute kiti.

"Acha, Dada," akasema. "Nitakivuta mwenyewe."

Akakivuta. Akafunga mkanda, akawasha gari, akaelekea pwani.