Mbavu Nyembamba za Gitaa

Fundi wa magitaa aliingiza kioo kidogo ndani ya tundu la gitaa la kwanza, akamulika kwa tochi. "Sogea, mwanangu. Tazama mbavu."

Niliziona: vijiti vya mbao vilivyogundishwa chini ya uso wa gitaa, vinene kama kidole gumba.

"Hili ni toleo la mwisho," akasema. "Kiwanda kilichoka kurudishiwa magitaa yamevimba. Nyuzi kumi na mbili zinavuta mno. Basi wakanenepesha mbavu. Ukilikalia halivunjiki, ila sauti imebaki humo ndani."

La pili lilikuwa limebenuka tumbo na halikuwa na hata uzi mmoja. Mbavu zake zilikuwa nyembamba kama penseli.

"Hili ni la miaka ya mwanzo. Baba yako uliyenitajia alikuwa na la namna hii?"

"Alikuwa nalo."

"Liko wapi?"

Nikamwambia ukweli, maana sikuwa na muda wa kutunga uongo. Miaka mitatu iliyopita Baba alinisimamisha katikati ya wimbo wake, mbele ya wageni, akasema kidole changu cha tatu kinachelewa. Mimi sikuwa mtu wa kusahihishwa. Nililibamiza gitaa lake kwenye mwimo wa mlango. Sasa kiharusi kimemnyima kauli, na mkono wake wa kushoto, ndio pekee uliobaki hai, unatembea juu ya shuka ukitafuta shingo ya gitaa. Daktari ametuambia tumrudishe nyumbani.

Fundi akalinyanyua lile la pili. "Basi ni hili. Lakini limelala miaka bila nyuzi. Leo nazifunga legelege, kesho nakaza kidogo, keshokutwa tena. Ukilikaza kwa mkupuo, daraja linaloshika nyuzi linang'oka na uso wake."

"Siku tatu sina, mzee."

"Chukua la mbavu nene, basi. Linapigika sasa hivi."

Nililipiga. Lilitoa sauti safi, ngumu, ya mtu mwingine kabisa. Nikamrudishia. "Funga nyuzi hilo bovu."

"Usiliite bovu. Na usilikaze. Kichwa chako kigumu nakiona kutoka hapa."

Nyumbani, dada yangu alikuwa kando ya kitanda na bakuli la maji na pamba, akimlowesha Baba midomo. Alilitazama tumbo la gitaa.

"Katika magitaa yote ya dunia, umemletea mgonjwa mgonjwa mwenzake."

"Anaendeleaje?"

"Kama unapiga, piga, mdogo wangu. Usiniulize."

Nyuzi zilikuwa legelege kiasi cha kugonga ubao na kunguruma. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye funguo za kukazia. Nilizungusha mmoja tu, nikasikia mbao ikialika kama inayotaka kupasuka. Nikaacha. Kwa mara ya kwanza maishani nilitii bila kujibu.

Nikaupiga wimbo wa Baba huko huko kwenye sauti za chini, polepole, kwa kuwa nyuzi legelege hazikubali haraka. Ilikuwa sauti ya mzee aliyeamshwa usingizini, lakini ilikuwa yake. Ule ubao mwembamba ulitetemeka hadi kifuani mwangu. Dada aliweka pamba chini.

Mkono wa Baba ukaamka juu ya shuka. Vidole vikashika, vikahama, vikashika. Vilikuwa vinanitangulia. Tulipofika pale pale penye ugomvi, kidole chake cha tatu kilishuka kabla ya changu, kikakandamiza shuka, kikangoja. Nilikosea. Kikainuka, kikashuka tena. Nikarudia kwa mwendo wake, na wimbo ukakaa. Kumbe kuchelewa kwenyewe ilikuwa nusu pumzi tu, nami nimeibeba miaka mitatu kama tusi.

"Nimeipata, Baba," nikasema. "Umesikia?"

Vidole vilimaliza ubeti ule, vikafika katikati ya uliofuata. Kidole cha tatu kikashuka, na hakikuinuka.

"Mdogo wangu," dada akaanza.

"Bado ubeti mmoja."

"Mdogo wangu, acha."

Sikuinua macho. Nyuzi zilizidi kulegea, kila uzi ukienda upande wake, nami nikazifuata huko chini, nikiweka kidole cha tatu pale alipokiacha chake, tena na tena, maana nikinyamaza itabidi nitazame.