Wimbo wa Kipa

Mwalimu Telesphori aliutunga ule wimbo kwa siku mbili tu, na ubaya wake ni kwamba ulikuwa mzuri. Hata Salvina, aliyekuja kuuchukia kuliko kitu chochote hapa duniani, hakuwahi kusema kwamba ni wimbo mbovu. Kiitikio chake kilikuwa chepesi, ukikisikia mara moja kinakuganda:

Kipa, kipa, mikono ya nini?
Mpira wapita, watazama nini?
Watazama baiskeli, krin krin krin!

Ilikuwa Mei 1979, kijijini Mwakidulu, maili tisa kutoka hospitali ya Kolandoto. Afisa utamaduni alikuwa ameagiza kila tarafa ipeleke mchezo wa jukwaani mjini Shinyanga. Mwalimu Telesphori, aliyehamia mwaka ule kutoka Ushirombo, akaja na wazo lake: kuichukua ile filamu ya mpira, iliyopendwa kila lilikopita gari la sinema, na kuigeuza iwe mchezo wa nyimbo. Mechi nzima ingeimbwa. Refa angeimba. Kila goli lingefungwa kwa ngoma, na wachezaji wangecheza bila mpira, kwa miguu na mabega tu.

Filamu yenyewe ilitengenezwa mwaka 1974 na watu waliotoka Dar es Salaam. Ilisimulia jinsi timu ya wakulima wa pamba wa Mwakidulu ilivyowashinda wachimba dhahabu wa Geita katika fainali ya mwaka 1965. Kipindi cha kwanza Mwakidulu walifungwa mawili. Wakati wa mapumziko kipa akatolewa, akaingia wa akiba, wakarudisha yote na kuongeza la tatu. Hayo yalitokea kweli. Watu wa filamu waliongeza kitu kimoja tu, baiskeli. Kwenye filamu yao, kipa wa kwanza alihongwa baiskeli mpya ili aachie magoli.

Majina yote waliyabadilisha. Lakini timu moja ina kipa mmoja, na kipa wa Mwakidulu mwaka ule alikuwa Makoye, mume wa Salvina.

Salvina ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango, na sauti yake ikipanda ilisikika hadi barabarani. Ndiyo maana Mwalimu alimkabidhi yeye wimbo wa kipa. Walikuwa katika chumba cha darasa la sita, madawati yamesukumwa ukutani, ngoma mbili mlangoni. Salvina aliisoma karatasi, akairudia tena, kisha akainua uso.

"Mwalimu, huyu kipa ni nani?"

"Ni yule wa kwenye filamu, Mama Paskalia. Yule msaliti."

"Nakuuliza ni nani."

Telesphori aliangalia nakala yake kana kwamba jina lingekuwa limeandikwa humo.

"Ni Baba Paskalia," Salvina alisema. "Ni mume wangu. Anakaa pale nyuma ya jineri ya pamba. Leo asubuhi mmepishana njiani, akakusalimu, ukaitikia."

"Mimi niliiona filamu tu, mama. Sikujua kwamba ni mtu."

Salvina alimwamini. Alikuwa mgeni, angejuaje? Waliomchoma ni wenzake. Wanakwaya ishirini na wawili, walioimba naye Pasaka na Krismasi, waliokula harusini kwake, walijua kila kitu na wakaacha apewe ile karatasi. Sasa wote walikuwa wanatazama miguu yao.

"Utoe huu wimbo," alisema.

"Nikimtoa msaliti, mchezo unabaki mkutano wa kijiji. Na watu wanaijua filamu, mama. Wanaisubiri hiyo baiskeli."

Salvina aliikunja karatasi mara nne, akaiweka juu ya ngoma, akatoka. Alikuwa hajafika uwanjani aliposikia Mwalimu akisema, "Klara, hebu jaribu wewe."

Huku Usukumani mwanamume asiye na baiskeli ni sawa na aliyekatwa miguu. Makoye hakuwahi kuwa nayo. Tangu filamu ipite hakutaka hata kushika usukani wa baiskeli ya mtu. Shambani alikwenda kwa miguu, mnadani kwa miguu, na watoto walimfuata nyuma wakilia krin krin, naye anatembea vilevile, wala hageuki. Mwaka 1976 Paskalia alipopata degedege, Salvina alimbeba mgongoni maili zote tisa hadi Kolandoto, jua la saa saba likimchoma utosini. Aliona aibu kwenda kwa jirani kuazima baiskeli kwa ajili ya nyumba ya Makoye. Mtoto alipona. Aibu ile haikupona.

Aliwahi kumuuliza mara moja tu, "Ulipewa kitu?" Makoye akajibu, "Sikupewa kitu," akaendelea kunoa jembe. Salvina alimsadiki. Ila alikuwa hana cha kumwonyesha mtu mwingine, na mara mojamoja, akiwa peke yake jikoni, hata yeye alijiuliza. Kujiuliza kule ndiko kulikomkasirisha kuliko krin krin zote.

Wiki mbili baada ya lile zoezi, wimbo ulikuwa umeenea. Wasichana waliurukia kamba. Kwenye foleni ya kisima mwanamke mmoja aliuvumisha puani, akamwona Salvina, akanyamaza, kisha akacheka. Salvina alitua ndoo yake tupu palepale, akaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Thobias. Huyu ndiye aliyekuwa kipa wa akiba mwaka 1965, yule aliyeingia akaokoa penalti. Picha yake amebebwa mabegani ilitundikwa ukutani juu ya kiti chake. Salvina aliingia bila hodi wala shikamoo.

"Mwenyekiti, wewe ulikuwepo. Mume wangu alihongwa?"

Thobias alifunga daftari lililokuwa mbele yake. "Karibu ukae, shemeji."

"Sikai."

"Hakuhongwa."

Alilitamka polepole tu, kama mtu anayetaja siku ya mnada.

"Unajuaje?"

"Wakati wa mapumziko alinivalisha sweta lake mwenyewe. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kama kiazi. Ulikuwa umevunjika hapa kwenye kifundo. Alidaka dakika arobaini na tano kwa mkono mmoja."

"Aliumia wapi?"

"Hakusema. Alikuja nao hivyohivyo kutoka nyumbani, kaufunga kitambaa ndani ya mkono wa sweta. Aliniomba nisimwambie mtu."

"Na filamu ilipokuja? Ulikaa pale mbele na wageni, ukapewa maua, ukatazama mwenzako anakabidhiwa baiskeli ya uongo. Huo mkono uliusahau?"

Thobias alitazama dirishani. "Wangeniuliza kwa nini nimenyamaza muda wote. Ningejibu nini?"

"Ungejibu kwamba ulipenda kubebwa mabegani!" Salvina alipiga meza kwa kiganja, kalamu ikaruka chini. "Ungesema hivyo tu! Watu wangekuelewa!"

Alimkuta Makoye uani, amekaa kwenye turubai, anachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Mkono wa kushoto aliutumia kama alivyouzoea, umepinda kidogo, haukunjuki hadi mwisho. Siku alipomposa alimwambia alianguka kwenye mkokoteni.

"Mkono huo ulivunjika wapi?" Salvina aliuliza, bado amesimama.

Makoye alijua palepale. Aliendelea kuchambua matonge mawili matatu ya pamba, kisha akaacha.

"Kwenye lori la chama cha ushirika. Asubuhi ya fainali. Lilikuja kunichukua shambani, likaingia mtaroni pale kwenye kalavati."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Makoye akaokota tonge jingine la pamba.

"Makoye, nani alikuwa anaendesha?"

"Alois."

Alois alikuwa kaka yake Salvina, wa tumbo moja. Mwaka ule alikuwa utingo tu, hana leseni, na lori alilichukua dereva akiwa amelala. Alikuwa amekesha kwenye pombe. Baada ya kuanguka mtaroni alipiga magoti barabarani akamshika Makoye miguu: wakijua nitafungwa, mama atakufa kwa uchungu, sema umeanguka nyumbani. Watu waliokuwa wanapita na ng'ombe walilisukuma lori likatoka, halikuwa na jeraha la kuonekana. Makoye akaenda uwanjani. Aliogopa kwamba akikataa kucheza wataulizana kwa nini.

"Halafu wakaja watu wa filamu," Makoye alisema. "Waliniuliza kwa nini nilitolewa. Wakati huo Alois amekuwa dereva kamili, na mimi ni shemeji yake. Niliwaambia andikeni mnavyojua. Sikufikiri wataandika vile."

"Na walipoandika vile?"

"Nilidhani itapita. Ni picha tu ukutani. Gari linaondoka, watu wanasahau."

"Mimi nilimbeba mtoto wako maili tisa!" Salvina alipiga kelele, majirani wakanyamaza uani kwao. "Nilimbeba macho yamemgeuka, na kaka yangu anapita na lori humu njiani anapiga honi! Wewe uliniuliza? Ulisema siku moja, Salvina, nakubebesha huu mzigo kwa ajili ya ndugu yako, unautaka? Ningekwambia siutaki! Ningekwambia afungwe!"

"Ni ndugu yako."

"Na wewe ni nani wangu?"

Makoye alitazama pamba yake. Salvina akamwacha nayo.

Onyesho la tarafa lilifanyika Saba Saba, uwanja wa shule, jukwaa la mbao likiwa limefungwa mabua na vitambaa vya kijani. Alois alikuja sikukuu kutoka Kharumwa, alikokuwa akichimba dhahabu tangu vyama vya ushirika vivunjwe. Alivaa suruali ya bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, akapewa kiti cha mstari wa kwanza karibu na Thobias. Makoye alikwenda shambani kama siku nyingine. Salvina alisimama nyuma, kati ya akina mama, mikono kifuani. Alikuwa amejiambia atatazama tu.

Mchezo ulikuwa mzuri, hilo nalo lilimuudhi. Wachezaji walijipanga kama makasia ya mtumbwi, wakaenda kulia, wakaenda kushoto, ngoma ikalia, goli. Umati ukanguruma. Kisha Klara akatokea, na nyuma yake baiskeli ya kweli iliyopambwa maua, ikisukumwa na mtu aliyevaa sweta la kipa. Watu wakaanza kuimba kabla hata Klara hajafungua mdomo. Na pale mbele, amesimama juu ya viatu vyake virefu, anapiga makofi, anaimba krin krin krin kwa sauti kuliko wote, alikuwa Alois.

Salvina hakukumbuka baadaye alivyopita katikati ya watu. Alijikuta mbele ya kaka yake.

"Imba tena," alimwambia.

Alois alicheka. "Aa, dada. Ni mchezo tu."

"Imba tena, wakusikie. Halafu waambie nani aliyeendesha lori asubuhi ya fainali. Waambie ulivyokuwa umelewa. Waambie ulivyoshika miguu ya mume wangu pale kwenye kalavati."

Sauti ile iliyofika barabarani ilifika hadi jukwaani. Klara alikatisha wimbo katikati. Ngoma moja iliendelea kidogo, nayo ikafa.

"Tutaongea nyumbani," Alois alinong'ona.

"Hatuongei nyumbani. Nyumbani hamkusema miaka kumi na minne, wewe na yeye. Mkono wake ulivunjwa na wewe, na umekaa hapa unamwimbia!"

Alois aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Angeweza kukana, hapo uwanjani hapakuwa na shahidi wa ajali ile. Badala yake alichukua kofia yake kwenye kiti, akapenya kati ya watu, akaelekea barabarani, na watu wakampisha, wakimtazama kuanzia viatu hadi kisogo. Ndipo Thobias aliposimama. Alichelewa mno, lakini alisimama. "Mkono ulikuwa umevunjika," alisema. "Niliuona kwa macho yangu." Akakaa, na hakuna aliyempigia makofi.

Makoye aliambiwa habari njiani kabla hajafika nyumbani. Aliingia uani akaligonga jembe ukutani, mpini ukavunjika. Salvina hakuwahi kumwona hivyo.

"Nani alikutuma? Kitu kile kilikuwa changu! Nilikitunza mimi, wewe umekimwaga mbele ya watu wanaokunywa soda!"

"Hakikuwa chako peke yako. Nilikuwa nakibeba na mimi, bila kuambiwa ni nini."

Makoye alikwenda kukaa kwa dada yake majuma mawili. Aliporudi walizungumza habari za pamba, na za sare ya shule ya Paskalia, basi.

Mwalimu Telesphori aliandika upya sehemu ya pili. Akautoa wimbo, akamweka kipa mwenye mkono uliofungwa kitambaa. Mjini Shinyanga watazamaji waliokuwa wameizoea filamu walingoja baiskeli. Walipoona haiji, wakakiimba wenyewe kiitikio, kwani wimbo ulikuwa umeshafika huko. Mwakidulu wakawa wa pili kutoka mwisho. Mwalimu alikuja kumweleza Salvina, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kwenye mchezo nimeutoa, mama. Kwenye midomo ya watu siwezi."

"Ungelijua hilo kabla ya kuutunga," Salvina alimjibu, na hakumkaribisha kukaa.

Alois aliandika barua kutoka Kharumwa. Salvina aliitumia kuwashia moto bila kuifungua.

Mwezi wa nane, Makoye alirudi kutoka kituo cha kununulia pamba amechelewa. Alinawa, akakaa, akasema kwamba mtu mmoja wa kijiji cha pili alimwimbia kwenye foleni. Yeye alitua gunia, akamfuata mtu yule, akamshikisha kwa nguvu kifundo cha ule mkono wake uliovunjika, akamwambia papasa hapo, mfupa uko wapi.

"Akasema nini?" Salvina aliuliza.

"Hakusema. Alirudi kwenye foleni yake. Kesho ana gunia la pili la kuleta."

"Hakukuomba radhi?"

"Hakuomba."

"Basi bado," Salvina alisema, akamsogezea bakuli la mboga. "Kesho anarudi na gunia la pili. Nitakwenda na wewe."