Kochi Lililobonyea Pande Mbili

Mtaani walimwita Misumari, kwa sababu akiyavika makochi kitambaa kipya hujaza misumari midogo mdomoni na kuitema mmoja mmoja kama mtu anayekula mbegu. Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilimfundisha jambo moja aliloliamini kuliko maneno ya binadamu yeyote: kochi halidanganyi. Ukilivua kitambaa, sponji itakuambia nani alikaa wapi, mnene au mwembamba, mtulivu au mwenye kujipindapinda kama ana upele.

Na mwaka huo kilichokuwa kikimtafuna Misumari ni Jumatano.

Kila Jumatano saa kumi mkewe, muuza dawa, alivua koti lake jeupe, akajipaka mafuta midomoni, akaenda kwa mshauri nasaha kusimulia ndoto. Alianza baada ya kufiwa na mama yake hospitalini, usingizi ulipomkimbia. Chini ya mto aliweka daftari la kijani. Akiamka tu, kabla hajamsalimia mtu, anaandika. Misumari akigeuka kitandani anakutana na mgongo na mkwaruzo wa kalamu.

"Unamwandikia nani asubuhi yote hii?"

"Naandika ndoto."

"Si uniambie mimi?"

"Nilikuambia. Ukasema nimelala nimevimbiwa."

Kweli alisema hivyo, na juu yake akacheka. Lakini kulikumbuka hilo hakukuzima moto wa wivu. Mke akimgawia mtu vyombo vya nyumbani unaweza kupiga kelele. Akimgawia ndoto zake, utamshtaki kwa kosa gani? Siku moja alimfuata hadi kwenye nyumba ya mlango wa bluu nyuma ya posta, akajibanza kwenye kibanda cha magazeti. Mkewe akamwona. Walipofika nyumbani ndipo akasema.

"Ukinichunguza tena, nahamia kwa dada yangu. Sitanii, mume wangu. Nguo zangu zinaingia kwenye begi moja."

Misumari aliapa. Mwezi haujaisha, mpiga vanishi, mwenzake wa karakana, akamletea kazi.

"Kochi la watu watatu. Mwenyewe anasema halitoki, mlango uliwekwa nondo baadaye. Itabidi ulivulie hukohuko. Mlango wa bluu, nyuma ya posta."

Nyundo ya Misumari ikasimama hewani.

"Mbona umeganda? Kama umechoka niende mimi."

"Wewe? Hata kifungo cha shati lako hujui kushona. Nitaenda."

Angeweza kukataa. Alijua hivyo njia nzima, mkasi ukimgonga pajani, na bado miguu ilikwenda.

Mshauri alikuwa mwanamume wa rika lake, shati limenyooka, sauti ya chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Sauti hiyo ndiyo iliyomuudhi Misumari kuliko yote. Kwa hiyo ndiyo hii anayoisikiliza mkewe kila Jumatano!

"Karibu fundi. Nikuletee maji?"

"Sikuja kunywa maji."

Akapiga magoti, akaanza kung'oa. Kitambaa cha zamani kilitoka vipande vipande, sponji ikabaki wazi. Misumari akaweka kiganja upande wa kushoto: imelala kabisa, mtu amekaa hapa miaka. Katikati: mpya, inarudisha mkono. Upande wa kulia: imelala vilevile.

Akabonyeza tena. Watu wawili, mmoja huku, mwingine kule.

Akatazama kiti cha mshauri dirishani. Kilikuwa cha mbao tupu, kisichoweza kutoa ushahidi wowote.

"Unapokea watu wawili wawili?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hapana. Mmoja mmoja. Mambo ya ndoto ni ya mtu mwenyewe."

Damu ikampanda hadi masikioni. Akasimama, mkasi mkononi.

"Basi huyu wa pili ni nani? Mwanamke anakaa hapa, na pale anakaa nani? Mimi ni fundi, bwana, usinifanye mtoto. Unakaa na mke wangu kochi moja!"

Mshauri aliutazama mkasi, kisha uso. Alipauka kidogo, lakini hakuinuka.

"Mke wako simjui."

"Unamjua."

"Hata kama ningemjua. Anayekuja hapa simtaji, hata kwa mumewe. Ila kochi nitakueleza, kochi halina siri. Weka huo mkasi chini kwanza."

Misumari hakuuweka, ila aliushusha.

"Mtu akija na ndoto, anakaa kushoto, anasimulia. Tuseme anafukuzwa na mtu. Nikishamsikiliza namwambia: sasa hamia kulia, uwe yule anayekufukuza, useme unataka nini. Mara nyingi yule wa ndotoni si mgeni. Ni upande wako mwenyewe ambao mchana hukuupa nafasi ya kusema."

"Kwa hiyo anahama, anajijibu?"

"Anajijibu."

"Halafu wewe unalipwa."

"Nalipwa," mshauri akasema, na safari hii alicheka. "Na wewe, fundi, huoti?"

Misumari alitaka kusema haoti. Lakini kuna ndoto iliyokuwa ikimrudia, na juzi ilikuwa imemjia tena. Akajikuta amekaa kushoto, juu ya sponji isiyo na kitambaa, akiongea kwa hasira kama anayelalamika dukani.

"Naota mke wangu amenipa mgongo. Anaongea na mtu, simwoni uso. Mimi nimesimama nyuma, misumari imejaa mdomoni. Nataka kusema, nikifungua mdomo inanichoma. Basi. Na huyo mtu ni wewe, usijifanye."

"Inawezekana. Hamia kule, uwe yeye, useme."

"Upuuzi."

"Upuuzi, lakini sponji umeiona."

Misumari akahama. Kilikuwa kitendo cha kijinga, mtu mzima kusukuma makalio kutoka upande mmoja wa kochi hadi mwingine. Akakaa.

"Mimi..." akasema. "Mimi namsikiliza tu."

"Anakuambia nini?"

"Habari za mama yake. Siku ile hospitalini." Akageuka kumtazama mshauri. "Sijui mama alimwambia nini. Sijawahi kumuuliza."

Akapatazama pale kushoto alipokuwa amekaa, akamwona waziwazi yule bwana wa misumari amesimama amevimba. Hakuna aliyemfukuza kwenye kiti cha kusikiliza. Kilikuwa chake, akakiacha kwa kicheko kimoja, na sasa alikuwa akimchukia kila aliyekikaribia.

Kazi aliimaliza jioni.

Nyumbani mkewe alikuwa akikunja nguo. Misumari angeweza kunyamaza, na siri ingekaa. Lakini alimweleza yote: mlango wa bluu, kochi, mkasi, hata kule kuhama. Mkewe alisikiliza, shuka likiwa limenyooka kati ya mikono yake.

"Nilikuambia nini?"

"Kwamba utahama."

"Basi."

Mkewe akavuta begi, akaanza kuingiza nguo. Zamani Misumari angesimama mlangoni, angepaza sauti majirani wachungulie. Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Siku ile hospitalini," akauliza, "mama alikuambia nini?"

Mkono wa mkewe ukasimama juu ya zipu.

"Leo ndiyo unauliza? Mwaka na miezi mitatu!"

"Leo."

"Na wewe utanijibu nini? Kwamba nimevimbiwa?"

"Sitajibu kitu."

Alifunga zipu. Misumari akalibeba begi, wakatoka. Kwa dada ilikuwa mitaa minne. Mitaa miwili walikwenda kila mmoja na upande wake wa barabara. Mtaa wa tatu mkewe akaanza kusimulia, akitazama mbele.

"Mama aliniita kwa jina la dada. Mara tatu. Nikamwambia mama, ni mimi. Akasema, 'Najua, lakini namtaka yule.' Halafu akalala."

Misumari akafungua mdomo. Alitaka kuuliza kama mshauri naye ameshaisikia hiyo, na kama aliisikia kwanza. Akahamishia begi bega la pili, akafunga mdomo.

Mkewe alimtupia jicho, akingoja. Alipoona hakuna kinachokuja, akapunguza mwendo.

"Halafu mimi nikatoka nje kwenye korido," akasema, "na unajua nilifanya nini?"