Muhogo wa Nyakisasa

Mwaka ule wa wakimbizi, kijijini Nyakisasa, nilimkuta Ishimwe, mmoja wao, akichemsha muhogo alioupata kibaruani. Watoto wake walikuwa wanasubiri. Mbwa wake, aliyevuka naye mpaka, alikuwa ameokota vipande vibichi akala. Akatapika, akaanza kuyumba.

Ishimwe akachukua maziwa amnyweshe. Jirani yake Eustakia akamshika mkono.

“Usimlazimishe, mama, atapaliwa. Tuone kwanza katapika nini.”

Akachokonoa matapishi kwa kijiti. Muhogo mtupu.

“Uliuloweka?”

“Kwetu mtamu, tunachemsha tu.”

“Huu wetu mchungu, una sumu. Tunauloweka, tunauanika, ndipo tunasaga.”

Ishimwe akamwaga sufuria nzima. Watoto wakalia kwa njaa. Mbwa akafa jioni. Wakamzika, ndipo wakala ugali wa muhogo wa Eustakia.