Madoa ya Jiwe Jipya

Kila asubuhi, kabla ya chai, mimi na Shangazi tulifuta vyombo ambavyo havijawahi kuonja moto wa jiko letu. Yeye alianza na rafu ya juu, mimi ya chini: sufuria zenye vifuniko vya kioo, kikaango kisichogandisha, mabakuli yanayoingia moja ndani ya jingine. Vilikuwa vyombo vya maonyesho. Vya kupikia vilikaa chini ya sinki, masikio yamelegea na matako yameungua, na mgeni hakuruhusiwa kuviona.

"Chombo cha kuuza ni kama bibi harusi," Shangazi alipenda kusema. "Hapewi ufagio siku ya kwanza."

Siku hiyo nilikuwa nimeinua kikaango kwenye mwanga ili nitafute alama za vidole, mara geti likagongwa kama linabomolewa.

"Mzigo!"

Kitambaa kikamponyoka Shangazi. "Si walisema mwisho wa mwezi?"

Dereva aliingia amekumbatia boksi, shingo imemvimba. "Mama, humu mna nini, jiwe?"

"Ndiyo," alijibu Shangazi.

Dereva akacheka sana, akaondoka akiamini ametaniwa.

Sisi huuza vyombo majumbani. Mtu hutualika sebuleni kwake, akaita ndugu na majirani. Tunapika mbele yao, wanakula, wanaagiza. Kwa miezi mingi wauzaji wote wa timu yetu hawakuwa na habari nyingine ila vyombo vipya vya kuokea, vya udongo mgumu uliochomwa hadi ukawa kama mawe. Tulikuwa tumeviona kwenye picha tu. Hata salamu ya asubuhi kwenye simu zetu ilikuwa imebadilika, mtu haulizi tena umeamkaje, anauliza, "Jiwe limefika?"

Sasa lilikuwa limefika, na limefika kwetu. Kiongozi wa timu alipiga simu kabla hatujamaliza kukata utepe wa boksi. Eneo letu lote lilikuwa limepewa hilo moja la mfano. Jumamosi wauzaji wote wangekuja sebuleni kwa Shangazi walione likifanya kazi, ndipo waamue kama watalibeba na kuliuza au wataendelea na sufuria.

Lilikuwa treya pana lenye kingo nene, rangi ya unga wa ngano. Nilipitisha kiganja ndani yake. Lilikwaruza kidogo, kama ulimi wa paka.

"Jamani, uzuri huu," Shangazi alinong'ona. Kisha akanitazama kwa namna iliyonifanya niinamishe macho. "Na wewe ndiyo unaniacha wakati mambo mazuri yanaanza."

Alisema kwa furaha, na alidhani mimi pia nina furaha. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimepigiwa simu kutoka ofisi moja ya mji mwingine. Walikuwa na nafasi ya kazi niliyoisomea chuoni, na walinipa mpaka Jumatatu baada ya onyesho letu niwape jibu. Nilikuja kwa Shangazi nilipohitimu, "kusubiri kazi", kama tulivyowaambia watu. Sasa kazi ilikuwa imekuja. Shangazi alikuwa ameshamtangazia kila mtu, kuanzia muuza mboga mpaka mke wa daktari wa meno.

"Mwanangu anakwenda kukaa kwenye kiti cha kuzunguka!"

Mimi nilitabasamu tu. Ningemwambiaje? Katika kila sebule tuliyoingia, yeye alisimama mbele na kuwachekesha watu, mimi nilisimama nyuma nikipika. Hakuna mahali pengine duniani nilipojisikia nimetosha. Nilipenda ile dakika kifuniko kinapofunuliwa na watu wenye maneno mengi wakanyamaza wote. Lakini mtu aliyesoma chuo anamwambiaje shangazi yake kwamba anataka kubaki na sufuria? Kila nilipojaribu, niliishia kuuliza leo tunapika nini.

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Niliisoma nikiwa nimesimama.

"Shangazi, wanasema likiwa jipya linashika chakula. Linatakiwa liokewe mara kwa mara, kwa kuanzia na vitu vyenye mafuta. Litabadilika rangi, litakuwa na madoa. Ndipo linaanza kuachia."

"Madoa?" Alilivuta jiwe kifuani. "Nani ananunua chombo kipya chenye madoa?"

"Na lisioshwe kwa sabuni. Linainywa."

"Mwanangu, hiyo karatasi imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuza hata kijiko."

Akaliweka rafu ya juu, mahali pa heshima, na tangu hapo tukawa tunalifuta na lenyewe.

Jumatatu ya wiki ya onyesho alikubali tufanye jaribio. Lakini kwanza alilitandikia karatasi ya kuokea, akaikunja pembeni vizuri kama anafunga zawadi, ili unga usiliguse. Mkate ulitoka juu una rangi, chini umepauka na unyevunyevu. Shangazi aliulaumu unga. Akailaumu oveni. Akalaumu umeme.

Fundi cherehani wa nyumba ya jirani, ambaye pua yake haijawahi kukosea mkate wetu, alikuja na futi yake shingoni. Alimega, akatafuna polepole.

"Huu mkate umeiva," aliuliza, "au umetishwa tu?"

"Kashone nguo za watu," Shangazi alimwambia, lakini uso ulikuwa umemshuka. Fundi alipoondoka alikaa kwenye kiti cha jikoni na kuliangalia jiwe lake safi. "Jumamosi nitachekwa. Miaka yote hii, nichekwe na kipande cha mkate."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Niachie mimi wiki hii."

"Ulichafue?"

"Nilizoeshe."

Alilivuta jiwe karibu naye. Shangazi yangu anaweza kumuuzia mtu sufuria ya tano hali ana watoto wawili, lakini kumwachia mtu chombo chake cha maonyesho ilikuwa jambo jingine kabisa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Ila Jumamosi utasimama wewe. Utawaeleza wewe. Mimi siwezi kusimama mbele za watu na chombo kilichochafuka nikasema ni kipya."

Nilikubali, nikijua kwamba sijawahi kusema mbele za watu neno refu kuliko "karibuni."

Jioni hiyo hiyo niliutupa ule mkate uliotishwa, nikaoka mwingine bila karatasi. Uligandia. Niliubandua vipande vipande kwa mwiko wa mbao, nikakwangua kona moja mpaka mkono ukauma. Kesho yake nilioka kuku mwenye ngozi yake, mafuta yakachemka na kutiririka, na treya likabaki na doa kubwa la kahawia katikati. Shangazi alifungua mlango wa jikoni, akaona, akasema, "Jamani," akaufunga taratibu kama mtu aliyekosea chumba cha hospitali.

Nilioka viazi. Nilioka biskuti za siagi, Fundi akazibeba mfukoni hata hazijapoa, akaunguza paja. Kila siku jiwe lilizidi kuwa jeusi na kila siku liliniachia kidogo zaidi. Nilianza kulijua: upande wa mlango wa oveni ulikuwa mvivu, katikati pana haraka, ile kona niliyoikwangua bado ina kinyongo.

Siku moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta Shangazi kwenye sinki, mgongo kwangu, sponji mkononi.

"Shangazi."

Alishtuka. "Nilikuwa nalipangusa tu."

"Na sabuni?"

"Kidogo."

"Shangazi!"

"Ile ya kunukia," alijitetea.

Nilimpokonya sponji, na hapo hapo nikaogopa, kwa sababu sijawahi kumpokonya kitu. Bahati nzuri alikuwa hajaanza. Aliniangalia, akajifuta mikono kwenye gauni, akasema, "Haya, mama, nimenyoosha mikono," akatoka. Nilimsikia sebuleni akicheka peke yake.

Jumamosi wauzaji walijaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Kiongozi wa timu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, alikaa karibu na meza. Kando yake alikaa yule tuliyemwita Vifuniko, kwa sababu huuza sufuria leo na kifuniko hukumbuka kuleta mwezi ujao. Shangazi aliwachekesha, akawapa vinywaji, akalisifu jiwe kabla halijaonekana. Kisha akanipisha.

Nilitoka jikoni nimelibeba kwa mikono miwili, keki ya ndimu ikifuka mvuke ndani yake. Kingo zilikuwa kahawia, pembe nyeusi. Vicheko vikakatika.

"Samahani," Vifuniko alisema. "Tumeletewa jiwe jipya au la mtumba?"

Wengine wakacheka kwa kuziba midomo. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa amesimama karibu na pazia. Vidole vyake vilichezea ukingo wa pazia. Nikaona kwamba sasa anachekwa kweli, na ni mimi niliyemfikisha hapo.

"Ni jipya," nilisema.

"Ongeza sauti, dada, hatujaja kulala!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ni jipya!" Nililitua mezani, nikaelekeza kidole. "Lilikuja na rangi ya unga. Katikati, chini ya keki, kuna doa la kuku. Huku ni viazi. Hapa pembeni ni biskuti, muulizeni Fundi wa jirani, ana kovu. Sikuliosha kwa sabuni, nililiosha kwa maji ya moto na kulikwangua. Siku ya kwanza mkate uligandia wote. Nitawaambia ukweli, kwa sababu mkilinunua na nyinyi mkate wenu wa kwanza utagandia, na mtanipigia simu mnitukane."

"Tutakutukana kweli," alisema Kiongozi, lakini alikuwa amesogeza kiti mbele.

Nililifunika treya kwa sinia, nikaligeuza. Hakuna kilichotokea. Nikapiga mgongo wa jiwe kwa kiganja, mara moja. Kitu kikashuka kwa uzito ndani ya sinia, *puh*, nikainua.

Keki ilikuwa imetoka nzima, chini yake kahawia moja safi toka ukingo hadi ukingo. Nzima, isipokuwa kona moja iliyobaki ndani ya treya kama jino.

"Hiyo kona niliikwangua vibaya siku ya kwanza," nilisema. "Bado hatujapatana. Wiki ijayo itaachia."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Vifuniko alinyoosha mkono, akaing'oa ile kona, akaila mwenyewe. "Nyie," alisema mdomo umejaa, "chini yake inalia *kacha*." Nikaikata keki na kuigawa, na kwa dakika kadhaa haikusikika sauti ila ya vijiko. Ilikuwa ile dakika yangu, ila safari hii nilikuwa nimesimama mbele.

Kiongozi alipangusa miwani. "Haya. Timu inalibeba jiwe. Sasa, kampuni wanataka mtu mmoja kutoka kwetu ahudhurie mafunzo mwezi ujao, halafu awafundishe wenzake. Nani?" Alisema nani, lakini alinitazama mimi.

"Niandike mimi," Shangazi alidakia. Alikuwa ameshafika mezani, ametoa kile kitambaa laini cha asubuhi, analipangusa jiwe. "Huyu mwezi ujao hayupo. Amepata kazi ofisini! Jumatatu anawapigia."

Watu wakapiga makofi. Nikapongezwa, nikashikwa bega. Shangazi hakuinua uso. Kitambaa kilizunguka doa la kuku taratibu, bila kulisugua, kikaenda kwenye doa la viazi, kikarudi tena kwenye la kuku.

"Siendi," nilisema.

Kitambaa kikasimama. "Huendi wapi?"

"Ofisini."

"Mwanangu, usinitanie mbele za wageni. Tulishakubaliana."

"Ulikubaliana peke yako, Shangazi. Mimi nilinyamaza tu."

Vifuniko aliacha kutafuna.

"Kama ni kwa ajili yangu," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza, "usithubutu. Nilikuwa nauza kabla hujazaliwa. Sihitaji mtu wa kunibebea boksi."

"Si kwa ajili yako." Mikono yangu ilinuka ndimu na siagi, nikaipangusa kwenye gauni. "Kila siku tunawaambia watu nipo hapa nasubiri kazi. Sisubiri kitu, Shangazi. Kazi ninayoitaka ni hii. Nataka kuuza, kwa jina langu, na rafu yangu ya vyombo iwe karibu na yako." Nikamgeukia Kiongozi, kabla sauti haijanitoroka. "Niandike mimi."